Skrini ya Pili Kwenye Pedi ya Gemu Inasaidia Nini Hasa?

Watu wawili wakicheza mpira kwenye TV moja, hakuna siri. Ukifungua menyu ili utoe beki na kuingiza mshambuliaji, mwenzako aliyekaa pembeni yako anaona kila kitu, na kabla hujamaliza kuchagua ameshajipanga. Kocha wa kweli humnong'oneza mchezaji wake sikioni. Wewe, kocha wa kwenye kibanda cha gemu, ni kama unatangaza mipango yako kwa kipaza sauti.

Ni tatizo dogo, lakini limewashughulisha wabunifu wa gemu kwa miaka mingi. Jibu moja walilolijaribu mara kadhaa ni hili: weka skrini nyingine ndogo kwenye pedi yenyewe. Je, inasaidia kweli? Na kama inasaidia, mbona pedi nyingi za leo hazina? Ukiuliza watu faida yake, wengi watajibu kwamba unapata nafasi zaidi ya kuonyesha vitu. Hilo ni kweli, ila siyo jambo kubwa. Jambo kubwa ni nani anaona nini, na anaona wakati gani.

Kwanza tuelewane: skrini ya pili ni ipi?

Pedi ni kile kifaa chenye vitufe unachoshika mikononi. Skrini ya pili ni skrini ndogo iliyo hapohapo mikononi, inayoonyesha kitu tofauti na kilicho kwenye TV. Shika hilo neno "tofauti". Mwaka 2023 Sony walitoa PlayStation Portal, kifaa chenye skrini ya inchi 8 katikati ya vitufe. Lakini Portal inakuletea mkononi picha ya gemu ambayo ungeitazama kwenye TV. Hiyo ni skrini iliyohamishwa tu, siyo skrini ya pili.

Skrini ya pili yenyewe imepita katika hatua hizi:

- 1998: Sega walitoa Dreamcast nchini Japani. Pedi yake ilikuwa na tundu la kuchomekea kadi ya kuhifadhia gemu iliyoitwa VMU, na kadi hiyo ilikuwa na kiskrini chake cha pikseli 48 kwa 32. Ukizidisha unapata nukta 1,536 tu, tena bila rangi.
- Mwanzoni mwa miaka ya 2000: Nintendo walitumia waya kuunganisha Game Boy Advance, mashine ndogo ya mkononi, na GameCube iliyochomekwa kwenye TV. Ile ndogo ikageuka pedi yenye skrini.
- 2004: Ikaja Nintendo DS, yenye skrini mbili, moja juu na moja chini, ya chini ikiwa ya kugusa. DS siyo pedi, ni mashine kamili, ila tutaihitaji mbele kwa kulinganisha.
- 2012: Nintendo walitoa Wii U. Pedi yake, GamePad, ilikuwa na skrini ya kugusa ya inchi 6.2, na ilipokea picha bila waya.

Faida ya kwanza: kila mtu na siri yake

Hebu tuache mashine kidogo tuongelee bao. Kwenye bao kete ziko wazi, na mtu anayejua kuhesabu anajua hata zilizobaki mkononi mwa mwenzake. Ukifungwa, umefungwa kwa hesabu. Sasa linganisha na karata. Unazishika zako, mgongo wa karata unamwelekea mwenzako. Dhumna ni vilevile. Hapo hesabu peke yake haitoshi: unakisia, unajifanya huna, unausoma uso wa mtu.

Nadharia ya michezo, tawi la hisabati lililopata msingi wake kwenye kitabu cha John von Neumann na Oskar Morgenstern cha mwaka 1944, inautilia maanani sana mgawanyo huu. Kuna michezo ambayo kila mchezaji anajua yote yaliyopo, na kuna ile ambayo kila mmoja anajua sehemu yake tu. Mbinu za kushinda ni tofauti kabisa, kwa sababu kwenye aina ya pili kumfanya mwenzako aamini uongo ni silaha halali.

TV moja inazilazimisha gemu za kukaa pamoja ziwe kama bao, hata kama mbunifu alitaka karata. Waliocheza GoldenEye 007 ya mwaka 1997 wanaijua hadithi hii. TV iligawanywa vipande hadi vinne, kila mchezaji na chake, na kila mtu anatakiwa kujificha. Unajifichaje wakati maficho yako yanaonekana kwenye kona ya TV hiyohiyo? Kuchungulia kukawa sehemu ya mchezo.

Skrini ya mkononi inakurudishia mgongo wa karata. Kwenye NFL 2K, gemu ya mpira wa Kimarekani iliyotoka pamoja na Dreamcast kule Marekani mwaka 1999, wachezaji waliweza kuchagua mbinu zao kwenye kiskrini cha VMU. Mchezo ule, kila mpira unapoanza upya, pande zote mbili huchagua mpango. Mpango ukijulikana, umekufa. Zile nukta 1,536, ambazo leo zisingetosha hata picha yako ya wasifu, zilitosha kuutunza.

Pac-Man Vs. ya mwaka 2003 ilikwenda mbali zaidi. Mchezaji mmoja ndiye Pac-Man, naye anaona njia zote za ramani kwenye skrini yake ya mkononi. Wengine hadi watatu ni mizimu, wanatazama TV, na kila mmoja anaona eneo dogo tu linalomzunguka. Mzimu ukimkamata Pac-Man, mchezaji wake anapokea ile mashine ya mkononi na zamu inageuka. Mwaka 2012 Nintendo Land ya Wii U ikaja na Mario Chase, ambayo kwa kweli ni kukimbizana kwa watoto. Anayekimbia ameshika GamePad na anaona wanaomfukuza wako wapi. Wanaomfukuza hawana ramani, wana TV tu.

Sasa angalia kinachotokea sebuleni. Wale wanaofukuza hawana namna nyingine ila kuongea: "Yuko upande wa nyekundu!" "Mzungukie kule kwenye njano!" Anayekimbia anawasikia wote, anatabasamu, anapita njia nyingine. Skrini inayomtenga mtu mmoja inawafanya wengine waongee zaidi. Hapo ndipo utaona kwamba suala halikuwa nafasi. Wabunifu waliunyima upande mmoja taarifa kwa makusudi, na mchezo ukazaliwa kwenye pengo hilo.

Faida ya pili: kichwa kinapata pa kutua mizigo

Hata ukicheza peke yako kuna faida. Kumbukumbu ya papo kwa hapo, ile unayotumia kushikilia vitu kichwani huku ukifanya kazi nyingine, ni finyu. Makadirio yanayotajwa sana na wanasaikolojia ni takribani vitu 4 kwa wakati mmoja. Sasa kwenye gemu ya safari unatakiwa ukumbuke ulikotoka, unakokwenda, una silaha gani na dawa zimebaki ngapi. Kwenye gemu nyingi unasimamisha mchezo, unafungua ramani, unaisoma, unaifunga, unaendelea. Baada ya sekunde 20 umesahau, unaifungua tena.

Mwaka 1994 David Kirsh na Paul Maglio walichapisha utafiti kuhusu wachezaji wa Tetris, ile gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka. Waligundua kwamba wachezaji huzungusha vipande kwenye skrini si kwa sababu tu ya kuviweka mahali pake, bali ili kuona kama vinaingia. Kukizungusha kwa kitufe ni rahisi na haraka kuliko kukizungusha kichwani. Yaani tunautumia ulimwengu wa nje kufikiria. Mama lishe anayepanga sahani za wateja kwa mstari ili asisahau nani kaagiza nini anafanya jambo hilohilo.

Skrini ya pili inakuwa ule mstari wa sahani. Kwenye The Legend of Zelda: The Wind Waker HD ya mwaka 2013, ramani na mzigo wako viko kwenye GamePad muda wote, na unabadilisha silaha kwa kidole bila kusimamisha safari. Kwenye Etrian Odyssey ya DS unakwenda mbali zaidi: ramani unaichora mwenyewe kwenye skrini ya chini kadiri unavyotembea. Na TV nayo inapumua, kwa sababu zile namba na alama zilizokuwa zimejazana pembeni zimehamia mkononi.

Faida ya tatu: vitufe vinavyobadilika

Hii tuipitie haraka. Kitufe cha plastiki hakibadiliki, skrini ya kugusa inabadilika. Kwenye Splatoon ya mwaka 2015, GamePad ilionyesha ramani ya uwanja iliyopakwa rangi za timu mbili. Ukimgusa mwenzako kwenye ramani, unaruka hadi alipo. Hapo ramani yenyewe imekuwa kitufe, na ungehitaji vitufe vingi vya plastiki kupata kazi hiyohiyo.

Gharama: macho hayawezi kuwa sehemu mbili

Mpaka hapa inaonekana kama kila pedi ingetakiwa kuwa na skrini. Sasa tuje kwenye baiolojia.

Nyosha mkono wako mbele, uangalie ukucha wa kidole gumba. Eneo la ukubwa ule, takribani nyuzi 2, ndilo jicho lako linaloona kwa ukali kamili kwa wakati mmoja. Sehemu nyingine zote unaziona kwa ukungu, ila ubongo unakuficha jambo hilo kwa kuhamisha macho mara kadhaa kila sekunde. Na wakati jicho linaporuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, ubongo unapunguza kuona. Kwa hiyo kutazama skrini mbili "kwa pamoja" hakupo. Kuna kutazama moja, kuiacha, kutazama nyingine.

Tatizo la pili ni umbali. Tuseme TV iko mita 2.5 kutoka ulipokaa na GamePad iko sentimita 40 kutoka machoni. Ili kuona kitu cha karibu, lenzi ya jicho lazima ibadilike umbo na kuongeza nguvu. Nguvu hiyo hupimwa kwa dayopta, na hesabu yake ni rahisi: gawa 1 kwa umbali wa mita. Kwa TV ni 1 ÷ 2.5, sawa na 0.4. Kwa pedi ni 1 ÷ 0.4, sawa na 2.5. Kila unapoinamisha kichwa, lenzi inaruka dayopta 2.1, na ukiinua kichwa inarudi. Kazi hiyo si ya papo hapo. Inaweza kuchukua nusu sekunde, hata sekunde nzima. Gemu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde itakuwa imeshapitisha picha 30 au zaidi kabla hujaona vizuri.

Skrini mbili za DS ziko jirani, moja juu ya nyenzake, kwa umbali karibu uleule kutoka machoni. Jicho linashuka tu kama unavyosoma mistari ya kitabu, na lenzi haihangaiki. Kwa nje DS na Wii U zinafanana kwa wazo. Kwa jicho ni vitu viwili tofauti.

Kuna gharama nyingine, ya ubongo. Katika tafiti za ufundishaji, John Sweller na Paul Chandler walionyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwamba mwanafunzi anaelewa kwa shida zaidi pale mchoro na maelezo yake vinapokaa mbalimbali, huku kimoja hakieleweki bila kingine. Anatumia nguvu kuunganisha vipande badala ya kuelewa somo. Mbunifu wa gemu anapata kanuni safi hapo: kwenye skrini ya pili weka kitu kinachojitegemea, kama ramani au orodha ya vifaa. Usiweke nusu ya kitu ambacho nusu yake nyingine iko kwenye TV.

Wapo walioigeuza gharama hii kuwa kionjo. Kwenye ZombiU ya Ubisoft, iliyotoka mwaka 2012, ukitaka kitu kwenye begi unakitafuta kwenye GamePad, na mchezo hausimami. Umeinama unapekua begi, huku kwenye TV zombi anaweza kuwa anakusogelea. Hofu unayoisikia shingoni inatoka moja kwa moja kwenye ule udhaifu wa jicho tuliousema. Wabunifu hawakujaribu kuuficha, waliutumia.

Picha inafikaje mkononi?

Wapenda uhandisi, hii yenu. Skrini ya GamePad ina pikseli 854 kwa 480, yaani 409,920. Kila pikseli ikitumia biti 24 za rangi, na picha zikiwa 60 kwa sekunde, unahitaji kusafirisha takribani biti milioni 590 kila sekunde. Huwezi kutegemea mawimbi ya Wi-Fi yabebe mzigo huo sebuleni bila kukwama. Kwa hiyo mashine hubana kila picha, huituma hewani, na pedi huifungua. Tena haya yote yanabanwa na saa: kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 16.7 tu kabla ya nyingine kufika. Ukibonyeza kitufe na jibu likachelewa, mkono unajua kabla hata kichwa hakijajua. Wahandisi wa Wii U walifanikiwa hapa, na kwa macho ya mchezaji wa kawaida picha ya pedi na ya TV zilikwenda sambamba.

Ila mafanikio hayo yalikuwa na bei: pedi nzito, ya gharama, na betri ya saa 3 hadi 5.

Mbona haikudumu?

DS na ndugu zake wa jina hilo waliuza mashine milioni 154.02. Wii U iliuza milioni 13.56, na mwaka 2017 nafasi yake ikachukuliwa na Switch, ambayo pedi zake hazina skrini. Mtu anaweza kusema basi, skrini ya pili ilishindwa. Siyo haraka hivyo. Mashine hushindwa sokoni kwa sababu nyingi kwa pamoja: bei, jina lililowachanganya wanunuzi, uchache wa gemu. Huwezi kuitwisha skrini lawama zote wakati DS iliyokuwa nayo ilipokelewa vizuri namna ile.

Lakini tunaweza kusema kitu kuhusu ubunifu wenyewe. Faida kubwa tuliyoiona, ile ya siri, inataka wachezaji wengi. Na gemu za Wii U zilikwenda na GamePad moja. Mmoja ndiye aliyepata karata za kuficha, wengine walitumia pedi za kawaida na kutazama TV. Hiyo inafaa kwa kukimbizana na kujificha, haifai kwa gemu ambayo kila mtu anatakiwa awe na mkono wake. Na kwa anayecheza peke yake, iliyobaki ilikuwa faida ya pili, ambayo inaliwa na gharama ya jicho kila anapoinama.

Skrini ya pili tunayo tayari

Kilichokuwa ghali mwaka 2012 leo kiko mfukoni. Tangu mwaka 2014 gemu za Jackbox Party Pack hutumia TV moja, na kila mchezaji anajiunga kwa simu yake kupitia kivinjari cha kawaida. Jibu lako unaliandika kwenye simu, hakuna anayeliona hadi muda ufike, kisha yote yanatokea kwenye TV na watu wanacheka. Hakuna pedi maalumu, hakuna waya. Na kwa sababu simu haionyeshi picha nzito za mwendo, yale masharti ya milisekunde 16.7 yanalegea.

Kwa mwanafunzi wa programu aliyeko Dar, Nairobi au Kigali, huu ni mlango ulio wazi. Chukua dhumna au karata zetu, weka meza kwenye TV, weka mkono wa kila mchezaji kwenye simu yake. Hahitaji kiwanda cha kutengeneza pedi. Anahitaji ukurasa mmoja wa tovuti na simu ambazo wachezaji wanazo tayari.

Kabla hujaanza kuandika programu, jibu maswali matatu. Je, kuna kitu mchezaji huyu anatakiwa kukijua na mwenzake asikijue? Je, kilicho kwenye skrini ndogo kinaeleweka bila kutazama TV? Je, kila anapoinama, mchezo unamsubiri, au umeamua kwa makusudi kwamba usimsubiri? Ukiwa na majibu matatu yaliyonyooka, skrini ya pili itakufaa. Ukikosa la kwanza, fikiria tena: pengine unachokitengeneza ni bao, na bao halihitaji kuficha kitu.